Digital Wellbeing na Screen Time: anza na ratiba, si na kikomo

Kabla hujalipia programu yoyote ya kukusaidia kutulia na kazi, zimalize kwanza zile zilizokuja na simu. Google ilitangaza Digital Wellbeing, zana ya kupima na kudhibiti matumizi ya simu, Mei 2018, ikaanza na Android 9. Apple ikatoa Screen Time, zana ya namna hiyohiyo, pamoja na iOS 12, mfumo wa iPhone, Septemba mwaka huohuo, kisha mwaka 2021 ikaongeza Focus, ya kuchuja arifa, kwenye iOS 15. Zote ni za bure, na kwa kuwa zimo ndani ya mfumo wenyewe wa simu, zinaweza kusimamisha programu nyingine au kuzinyamazisha bila kukuomba ruhusa kumi.

Tathmini hii inazipima kwa swali moja tu: je, zinamsaidia mtu aimalize kazi yake iliyo muhimu leo? Zinasaidia, tena sana. Shida ni kwamba wengi huanza na kipengele dhaifu kuliko vyote, kikiwashinda wanazima kila kitu.

Kipengele hicho ni kikomo cha dakika. Kwenye Android unafungua mipangilio, unaingia Digital Wellbeing, unagusa dashibodi, unachagua programu na kuiwekea muda. Dakika zikiisha, alama ya programu hufifia na haifunguki mpaka usiku wa manane hesabu inapoanza upya. iPhone nayo inakuwezesha kuweka kikomo kwa kundi zima, kwa mfano mitandao yote ya kijamii kwa pamoja, na hapo imeizidi Android, kwa sababu mtu aliyezuiwa programu moja kwa kawaida huhamia jirani yake.

Kasoro kubwa ya kikomo ni kwamba kinahesabu jumla ya siku bila kujali saa. Ukijiwekea dakika 45 za video, hakuna kinachokuzuia kuzimaliza zote saa tatu asubuhi, wakati kichwa kiko safi na kazi ngumu inakusubiri. Jioni ripoti itasema umefuata kikomo. Kweli umekifuata, na saa yako bora imekwenda. Kasoro ya pili ni milango ya nyuma. Kwenye Android anayetaka kuendelea anarudi tu kwenye mipangilio na kuufuta muda aliouweka, wala haombwi nenosiri. Kwenye iPhone kinatokea kitufe cha kupuuza kikomo: dakika moja zaidi, ukumbushwe baada ya dakika 15, au upuuze kwa siku nzima. Vidole huzoea kitufe hicho haraka mno. Dawa ya upande wa iPhone ni kuweka nenosiri la Screen Time, kuwasha chaguo la kuzuia kabisa muda ukiisha, na kumwomba mtu mwingine aliandike nenosiri hilo bila wewe kuliona. Ukiliandika mwenyewe, siku utakayolitaka utalikumbuka. Pia usisahau kivinjari: programu iliyozuiwa kwenye Android mara nyingi ina tovuti inayofunguka bila kizuizi.

Kwa hiyo kikomo kiache kwa matumizi ya jioni, mahali ambapo jumla ya dakika ndiyo inayokuhusu. Saa za kazi zinahitaji kitu kingine.

Kitu hicho ni hali ya umakini yenye ratiba, na hapa ndipo zana hizi zinapostahili sifa. Kwenye Android unaikuta ndani ya Digital Wellbeing. Unachagua programu zinazokuvuruga, unataja siku na saa, basi. Ratiba ikifika, programu hizo zinasimama zenyewe: hazifunguki na arifa zake hazionekani mpaka kipindi kiishe. Ukizidiwa, unaruhusiwa mapumziko ya dakika 5, 15 au 30, kisha zuio hurudi bila wewe kukumbuka kulirudisha. Huo ni ubunifu mzuri. Anayezima zuio kabisa huwa halirudishi, lakini anayepumzika dakika 5 hurudishwa na simu yenyewe.

Focus ya iPhone inafanana kwa jina tu. Yenyewe inachuja arifa: unataja watu na programu zinazoruhusiwa kukufikia, nyingine zinakaa kimya. Lakini haizuii kufungua programu. Mtu anayevurugwa na watu wanaomtafuta itamfaa sana. Anayejivuruga mwenyewe, anayeichukua simu bila hata kuitwa, atahitaji kuongeza Downtime iliyomo ndani ya Screen Time, ambayo hufunga programu zote isipokuwa zile ulizoziorodhesha kuwa zinaruhusiwa muda wote. Wengi huwasha Focus, wanajikuta wako kwenye video saa nzima, na kuhitimisha kuwa haifanyi kazi. Inafanya kazi yake. Hiyo haikuwa kazi yake. Kuna njia ya katikati: tengeneza ukurasa wa mwanzo wenye programu nne au tano za kazi tu, kisha uuambatanishe na Focus, ili ikiwaka kurasa nyingine zisionekane. Programu bado utazipata kwa kuzitafuta, ila kuandika jina lake tayari ni hatua ya kukuzindua.

Ratiba ipangwe kwa uangalifu. Usianze na saa nane za kazi nzima. Utaivunja siku ya kwanza, na zuio lililozoeleka kuvunjwa halina thamani tena. Chagua kipindi kimoja cha dakika 90, wakati ambapo akili yako huwa kali, na ukiweke siku tano kwa saa ileile. Orodha ya programu za kusimamisha iwe na zile tu zisizo na mwisho wa kuperuzi: video fupi, mitandao ya kijamii, habari, michezo, maduka ya mtandaoni. Programu ya benki, ya ramani, na ile inayokupa namba za kuthibitisha akaunti zisiguswe. Ukizizuia hizo utalazimika kuifungua hali nzima katikati ya kazi kwa sababu halali kabisa, na ukishaifungua, zingine zote ziko wazi.

Hofu inayowafanya watu waikatae ratiba ni simu ya dharura. Hofu hiyo ina jibu. Ndani ya Usinisumbue ya Android, hali inayonyamazisha simu na arifa, unaweza kuwaruhusu watu uliowawekea nyota tu kwenye orodha ya majina, na kuwasha ruhusa ya wapigaji wanaorudia: mtu yuleyule akipiga tena ndani ya dakika 15, simu italia. Kwenye iPhone muda huo ni dakika 3. Tofauti hiyo ni ya kuwaambia watu wa nyumbani waziwazi: kama ni dharura, piga mara mbili mfululizo. Wakishajua hilo, nawe ukajua kuwa wanajua, ile hamu ya kuchungulia simu "isije ikawa kuna jambo" hupungua yenyewe. Watoto, wazazi, mwenza na mtu mmoja wa kazini wanatosha kwenye nyota. Ukishaweka watu thelathini, umerudi ulikotoka.

Nje ya ratiba kuna arifa, na hapa kazi ni ya mkono. Kipimo kinachofaa ni hiki: ibaki arifa iliyotumwa na binadamu, ikikulenga wewe, na ambayo ikikaa saa moja inapoteza maana. Zinazobaki nje ya kipimo hicho ni nyingi kuliko unavyodhani, kuanzia matangazo hadi "fulani ameweka picha mpya". Kuanzia Android 8 kila programu hugawa arifa zake katika makundi, kwa hiyo huna haja ya kuizima yote: ibonyeze arifa kwa muda mrefu inapotokea, nenda kwenye mipangilio yake, uzime matangazo na uache ujumbe. Ni mpangilio wa hali ya juu, na inasikitisha kuwa watu wachache wanaujua. iPhone haina mgawanyo wa namna hiyo kwenye mipangilio ya mfumo. Mara nyingi inabidi uingie ndani ya programu yenyewe. Badala yake ina muhtasari wa arifa, unaokusanya zisizo za haraka na kuzileta kwa pamoja saa ulizochagua. Muhtasari huu unafaa, ila angalia programu zinazojipa hadhi ya "arifa ya haraka": hizo hupita juu ya muhtasari, na nyingine zina tamaa. Zinyime hadhi hiyo kwenye mipangilio ya arifa za programu husika.

Magrupu ya WhatsApp yanyamazishwe kwa chaguo la daima. Saa nane au wiki moja ni kuahirisha tu. Nukta nyekundu yenye namba juu ya alama ya programu nayo ni arifa, hata kama haitoi mlio, iondoe.

Sasa ripoti. Zana zote mbili zinajivunia jumla ya saa za skrini, na hiyo ndiyo namba yenye maana ndogo kuliko zote. Ramani iliyokaa wazi njia nzima, kikao cha video na kitabu ulichosoma vyote vinaingia humo pamoja na video fupi. Namba ya kuangalia ni mara ngapi. Kwenye dashibodi ya Android gusa juu ya grafu na ubadilishe kipimo kutoka muda kwenda idadi ya mara ulizofungua programu, halafu idadi ya arifa ulizopokea. Programu uliyoitumia dakika 40 kwa kuifungua mara mbili haijakuvuruga. Ile ya dakika 40 iliyofunguliwa mara sitini imeikata siku yako vipande sitini. iPhone ina kitu kizuri zaidi hapa: inaorodhesha programu unazozifungua kwanza kila unapoichukua simu. Ile inayoongoza orodha ndiyo ya kuingia kwenye zuio kabla ya nyingine yoyote.

Hali ya kijivu, yaani kuondoa rangi kwenye skrini, husifiwa sana. Inasaidia kidogo, hasa usiku na kwa picha na video. Kwa ujumbe wa maandishi haibadilishi chochote. Iwashe ukipenda, usiitegemee.

Kuna jambo ambalo zana hizi haziwezi kulifanya hata kidogo: kukuambia ufanye nini ndani ya dakika 90 ulizozilinda. Mtu akikaa mezani bila kujua anaanzia wapi, simu ikiwa imefungwa ataingia kwenye barua pepe, na Digital Wellbeing haifiki kwenye kompyuta yako. Focus inaweza kusambaa hadi Mac ukiwasha chaguo la kushirikisha vifaa, lakini hata huko inachuja arifa tu. Hivyo ziambatanishe na karatasi. Jioni andika kazi moja ya kipindi cha kesho, kwa kitenzi na kwa mwisho unaoonekana: "andika kurasa mbili za utangulizi", si "ripoti". Chini yake andika kazi mbili ndogo za baadaye. Tatu zinatosha.

Kwa kugawa kipindi, mbinu ya Pomodoro aliyoibuni Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980 bado inafaa: dakika 25 za kazi, 5 za mapumziko, na pumziko refu baada ya mizunguko minne. Dakika 25 ni dawa nzuri kwa kazi unayoikwepa, maana kuianza ndiyo vita yenyewe. Kwa uandishi mrefu au hesabu ngumu ni fupi mno. Kengele hulia ndipo umeanza kuzama. Huko tumia dakika 45 au 50. Kipima muda kiwe kifaa cha pembeni, hata cha jikoni, kwa sababu anayetazama dakika kwenye simu hutazama na mengine.

Kinachoharibu mapumziko ni kuyatumia kuonja kazi nyingine. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kuwa mtu akihama kutoka kazi moja kwenda nyingine, sehemu ya fikra zake hubaki kwenye ile aliyoiacha, na utendaji kwenye kazi mpya hushuka. Baadaye, yeye na Theresa Glomb walionyesha kuwa kuandika mpango mfupi wa kurudi kunasaidia: kabla ya kuihama kazi, andika umefika wapi na hatua ya kwanza utakaporudi. Haichukui hata dakika moja. Weka mstari huo chini ya kazi kwenye karatasi ileile, na mapumziko yawe ya mwili: simama, kunywa maji, tazama mbali.

Uamuzi wetu: kwa anayejivuruga mwenyewe, Android iko mbele, kwa sababu hali yake ya umakini inazuia na kuchuja kwa hatua moja. Kwa anayevurugwa na watu, Focus ya iPhone ni makini zaidi, maana unaweza kuwa na moja ya kazi, moja ya kusoma na moja ya usingizi, kila moja na watu wake. Programu ya kulipia inahitajika tu kama uvurugaji wako mkubwa uko kwenye kompyuta.

Baada ya wiki ya kwanza, rudi kwenye mpangilio na ujiulize ni wakati gani uliomba mapumziko. Kama ni saa ileile kila siku, usiongeze ukali wa zuio. Sogeza kipindi kianze nusu saa mapema. Kama hukuomba hata mara moja, ongeza kipindi cha pili cha dakika 45 mchana, na uanze nacho kwa siku mbili tu za wiki.