Kozi ya Kiingereza cha kuongea huku Majengo: mwalimu poa, chumba tanuri

Nimemaliza wiki sita, somo lilikuwa kueleza hisia, na wallahi pesa yangu haikwenda bure. Kumbe miaka yote nikiwaambia watalii pale Fort Jesus "I am boring" nilikuwa najitukana mwenyewe, manake hapo mie ndo nawachosha watu, aliyechoshwa ni "bored", yaani -ed ni unavyojiskia na -ing ni kile kitu kinachokuletea hiyo hali. Sisi tumezoea vitendo, nimechoka, nimekasirika, Waingereza wanataka neno la sifa na "am" yake mbele, "I am tired". Kulinganisha nako kuna vituko, "happy" inakuwa "happier" lakini "worried" haipewi -er, ni "more worried", usiniulize mara ngapi nimekosea. Ile "as happy as a lark", una raha kama kidege, ilituchekesha darasa zima.

Ubaya wao, feni moja tena mbovu, saa kumi jioni ni jasho tu, na fotokopi unalipia kando, hilo hawakutwambia mwanzo. Mwalimu lakini mpole sana, hamcheki mtu.