Ile Sauti Nyingine: Uzoefu Wangu na "Greatest Hits" ya Scarface

Niliusikia wimbo "Smile" kwa mara ya kwanza nikiwa sekondari mjini Tanga, kwenye kanda iliyorekodiwa juu ya taarabu, kiasi kwamba wimbo ulipokwisha tu ilifuata sauti ya mwanamke akimalizia ubeti wa mapenzi. Kwetu sote ule ulikuwa wimbo wa 2Pac, rapa wa Marekani, na hakuna aliyebisha, kwa kuwa miaka ile sura yake ilichorwa kwenye daladala na kwenye kuta za vinyozi, na wimbo wowote aliosikika ndani yake tulimhesabia yeye. Mimi, hata hivyo, nilikuwa nikiirudisha kanda nyuma kwa kalamu ili niisikie ile sauti nyingine: nzito, tulivu, yenye kuvuta maneno kama ya mzee anayetoa nasaha msibani. Mwenye sauti hiyo sikumjua kwa miaka mingi.

Nilikuja kumjua hapa Houston, Texas, ninakoishi na kufanya kazi ghalani kwa zamu ya usiku. Mzee mmoja tunayefanya naye kazi, mzaliwa wa kusini mwa jiji hili, alinisikia nikiupiga wimbo ule wakati wa mapumziko, akanisahihisha kwa upole lakini bila kuniachia nafasi ya kubisha. Wimbo ni wa Scarface, rapa wa hapa hapa Houston, umo kwenye albamu yake "The Untouchable" ya mwaka 1997, na 2Pac, aliyekuwa ameuawa takriban miezi sita kabla ya albamu hiyo kutoka, ndiye aliyekuwa mgeni. Wiki ile ile nikanunua "Greatest Hits", mkusanyiko wa mwaka 2002 unaopita juu ya kazi zake za miaka ya tisini na kuendelea. Nakala ya kwanza niliuziwa kwa maneno kwamba haina hata mkwaruzo, kumbe ulikuwapo mmoja mrefu kama unywele, na muuzaji akakataa kuipokea tena. Maoni haya yanatokana na nakala ya pili, ambayo imekaa ndani ya gari langu kwa zaidi ya mwaka sasa.

Scarface ni Brad Jordan, aliyezaliwa Houston mwaka 1970. Alijulikana kwanza akiwa na kundi la Geto Boys, pamoja na Willie D na Bushwick Bill, chini ya Rap-A-Lot, lebo ya muziki ya James Prince, katika enzi ambayo New York na Los Angeles zilijiona ndizo pekee zenye haki ya kuamua rap ni nini. Mwaka 1991 kundi hilo lilitoa "Mind Playing Tricks on Me", wimbo uliojengwa juu ya gitaa la mwanamuziki wa soul Isaac Hayes, na ndipo watu wa mbali walipolazimika kuitazama Kusini ya Marekani. Wahuni wa nyimbo za wakati ule hawakuogopa kitu. Huyu wa Scarface amejifungia chumbani akikodolea mishumaa, usingizi hauji, na ana hakika kuna mtu anamfuata. Ni rap ya kigangsta, lakini aliyeshika bunduki ndiye anayetetemeka.

Woga huo, pamoja na hesabu ya dhambi inayoambatana nao, ndio ninaouthamini kuliko kitu kingine chochote katika mkusanyiko huu. Anaposimulia mauaji hakomei pale risasi inapotoka, bali anabaki pale pale mpaka mama wa marehemu afike. Nimesikiliza marapa wengi wenye ufundi wa vina kumshinda, wanaobadilisha mwendo mara nne ndani ya ubeti mmoja, lakini sijasikia mwingine anayeyasogelea mauti kwa ukaribu huu bila kuyapamba.

Wimbo unaolithibitisha hilo ni "I Seen a Man Die" wa mwaka 1994. Kijana anatoka jela baada ya miaka saba, anamsalimia baba yake, anafurahia uhuru wake, kisha mtaa unamrudisha kule kule alikotoka. Hadi hapo ni kisa ambacho wengi wamekisimulia. Mambo yanageuka pale msimulizi anapoacha kusimulia na kuanza kuzungumza na yule anayekufa: anasikia anavyopumua, anasikia moyo unavyopungua nguvu, anaona kwamba anang'ang'ania kwa sababu anaogopa, na anamwambia kwa sauti ya chini kabisa aache kupambana. Nilikaa kando ya kitanda cha baba yangu mdogo alipokuwa katika sakarati, na shangazi yangu alimwinamia sikioni akamwambia karibu maneno hayo hayo, kwamba apumzike, kwamba watoto tumewaona. Sikutegemea kuyasikia tena kutoka kwa rapa wa Texas. Mara ya kwanza nilisimamisha gari pembeni ya barabara nikausikiliza wimbo wote upya.

Lawama yangu ni moja na si ndogo. Mkusanyiko unazing'oa nyimbo kwenye majirani zao. "I Seen a Man Die" ulitoka kwenye "The Diary", albamu fupi isiyofika hata saa moja, ambamo kila wimbo umetayarishiwa njia na ule uliotangulia, na ukiusikiliza peke yake unaupata mzito, ila huoni umetoka wapi. Vilevile, anayetaka kumjua Scarface wa umri wa makamo hana budi kuitafuta "The Fix", iliyotoka mwaka huo huo wa 2002 chini ya lebo nyingine, Def Jam South, ambayo wakati huo alikuwa pia akiiongoza. Kwa sababu hizo naupa nyota nne badala ya tano.

Niseme wazi kuhusu lugha. Kuna matusi mengi, damu nyingi, na mistari kuhusu wanawake ambayo sikubaliani nayo na siwezi kuitetea kwa kisingizio cha sanaa. Watoto wakiwemo garini siipigi.

Kuhusu usikivu wenyewe, tafadhali usiihukumu kupitia spika ya simu. Watayarishaji kama Mike Dean na N.O. Joe waliweka besi pana inayokwenda taratibu, kinanda chenye harufu ya kanisa na gitaa linalolia kwa mbali, na simu huikata besi yote ikamwacha msemaji akining'inia hewani. Kwenye gari, usiku, nikirudi kutoka kazini kwa barabara ya 288, kila kitu hukaa mahali pake, na "Smile" inapofika bado naisubiri sauti ile ile niliyokuwa nikiitafuta kwa kalamu.

Juzi yule mzee wa kazini aliniazima "The Diary" yake mwenyewe, kasha limefungwa kwa mpira wa kubania noti. Alinipa sharti moja tu, kwamba nisiruke wimbo hata mmoja.