Riwaya za zamani: kabla hujalipa, fungua katikati

Mwezi uliopita nilikuwa nashuka Dar kwa SGR, nikasema safari hii simu naizima, nasoma Rosa Mistika, riwaya ya Kezilahabi, upya, maana nakala yangu nilimwazima mtu na haijarudi mpaka leo. Nikapitia kwa muuzaji mmoja hapa mjini Dodoma, kitabu kipo ndani ya nailoni, kava inang'aa, nikatoa 12,000 nikaondoka. Nakuja kukifungua kwenye treni, hata Gulwe hatujafika, nakuta maneno yamezama mgongoni. Kurasa za kushoto zinamezwa mwisho wa mstari, za kulia zinamezwa mwanzo. Ile sehemu Zakaria, baba mtu, anampiga Rosa kwa ajili ya barua ya Charles nilisoma kwa kukisia. Unaona "alik" halafu basi, sasa alikuja, alikataa au alikufa? Nikakipanua kwa nguvu nione, mgongo ukalia kwa! kurasa sita zikanibaki mkononi.

Kwa hiyo jamani mambo ya picha ya kava na ukubwa wa herufi leo siyagusi. Mi nataka uangalie pambizo ya ndani, ile nafasi nyeupe kati ya maandishi na mgongo, kitu ambacho hakuna anayekiuliza dukani. Wanaodurufu wanalaza kitabu kwenye mashine ya fotokopi kikiwa wazi, pale karibu na mgongo karatasi inainuka haigusi kioo, ndo unapata maneno yaliyopinda yenye kivuli cheusi, halafu kabla ya kupaka gundi wanakwangua upande wa mgongo, nafasi inazidi kupungua. Kipimo changu ni kidole gumba: fungua katikati kabisa ya kitabu, laza kidole kati ya mgongo na herufi ya kwanza. Kikienea bila kugusa maandishi, toa hela.

Namba moja kwangu ni vitabu vya wachapishaji Mkuki na Nyota, na nasema wazi kwamba nawapendelea. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi waliitoa 1999, nakala yangu nimeisoma mara tatu, nimeilaza kifudifudi kitandani, nimeibeba kwenye bajaji na vumbi lote hili la Nkuhungu, na bado inafunguka vizuri bila kuachia. Kama hujawahi kusoma riwaya ya Kiswahili ukiwa mtu mzima anza na hiyo, Yasmin binti mdogo kaozeshwa kwa Raza, mzee wa kumzaa, anamkimbia, na humo humo unaiona Zanzibar ya kudai uhuru. Shaaban Robert pia nachukua kwao, hasa Kufikirika, maana Kiswahili cha yule mzee ukikosa neno moja sentensi nzima inakuponyoka.

Namba mbili, matoleo ya zamani ya miaka ya 70 na 80 yaliyotumika. Haya ukiyapata kwa wale wanaotandaza chini usiyaache, karatasi imekuwa njano na inanuka stoo lakini mengine yameshonwa kwa uzi, na pambizo zake ni za kifalme. Kuli ya huyo huyo Adam Shafi niliipata hivyo kwa 5,000. Hesabu tu kurasa za mwisho, maana ndizo zinazotangulia kuchanika.

Hadithi za upelelezi na hadithi fupi kuwa mkali zaidi. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, mpelelezi Bwana Msa anakamata jambo kwenye kitu kidogo ambacho wewe umekipita, sasa kama hicho kidogo kimemezwa na gundi unasoma nini? Na hadithi fupi kama Mayai Waziri wa Maradhi ya Kezilahabi ina kurasa chache, mistari kumi ikipotea hakuna sura ya mbele itakayokurudisha kwenye njia.

Fotokopi za 3,000 na 4,000 zipo kila kona karibu na vyuo. Usinunue, na mwandishi hapati hata mia.

Kinachoniuma ni kwamba mi sikulipa bei ya fotokopi, nimelipa bei ya kitabu. Niliporudi na kile kitabu yule kaka akaniambia, "Dada, ukishafungua nailoni si chetu tena." Na kabla ya kulipa nailoni hairuhusiwi kufunguliwa! Ukiuliza riwaya ambayo haimo kwenye orodha ya mitihani unaambiwa haitoki, agiza Dar, na ukiagiza unaongeza hela ya basi mpaka kitabu cha 15,000 kinafika 20,000, wakati huu ndo mji mkuu wa nchi na UDOM iko hapo juu imejaa wanafunzi wa fasihi. Wauzaji wa Dodoma, nawaomba, kila kitabu wekeni nakala moja iliyofunguliwa pale kaunta. Moja tu. Tuweke kidole gumba, tuwalipe.