Filamu moja ndefu au sehemu mbili?

Mwongozaji Hemanth M. Rao aliigawa *Sapta Saagaradaache Ello*, filamu yake ya mapenzi ya Kikannada (lugha ya kusini mwa India): Side A ilitoka tarehe 1 Septemba 2023, Side B tarehe 17 Novemba. Angeweza kuibana yote katika filamu moja.

Tuanze na hesabu ya ukumbi. Kila sehemu ina kama saa mbili na dakika ishirini. Mapumziko na usafi huongeza nusu saa. Kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 6 usiku, skrini moja hupata maonyesho manne. Ziunganishe bila kukata, yanabaki mawili, na hapo mwenye ukumbi atakataa. Ili iwe filamu moja ya urefu wa saa tatu lazima ukate zaidi ya saa moja na nusu, na kwenye mapenzi mkasi huanza na ukimya: Manu gerezani, mpenzi wake Priya akimsubiri. Yaani unakata filamu yenyewe.

Kugawa nako kunauma. Vyeti viwili vya bodi ya ukaguzi, matangazo mara mbili, na aliyekosa Side A hana sababu ya kununua tiketi ya Side B. Wiki 11 katikati ni nyingi mno, kwa maoni yetu. Side A kuwahi Prime Video, huduma ya kutazama filamu mtandaoni, kuliwasaidia waliochelewa, lakini pia huwazoesha watu kusubiri nyumbani.

Gawa pale tu hadithi inapokatika yenyewe. Hapa inakatika: miaka inapita, rangi ya bluu ya Side A inageuka nyekundu katika Side B, na Rakshit Shetty, anayeigiza Manu, anarudi na mwili mzito zaidi.