TAHADHARI: "Viatu laini" vya watoto vinavyouzwa mtandaoni na kuletwa Pemba kwa boti

Assalaam alaykum mama na baba wenzangu, khasa mlioko Pemba. Kuna muuzaji anazunguka Instagram na kwenye magurupu ya WhatsApp, anauza viatu vya watoto wanaoanza kwenda tata. Anaviita "viatu laini vya kujifunzia kutembea". Anasema duka lake liko Darajani, Unguja, na mzigo anaupakia kwenye boti ya Mkoani pesa ikishaingia. Msimtumie pesa. Anacholeta sicho anachoonesha, na ukilalamika anakufungia namba.

Jina la ukurasa siliandiki kwa sababu halitakusaidieni kitu. Wifi yangu alinunua kwa jina moja, na alipoanza kudai haki yake ukurasa ukageuzwa jina, picha zikabaki zilezile. Kwa hivyo shikeni mwendo wake.

Picha ni za kiatu cha ngozi nyembamba, kimekunjwa kwa vidole viwili mpaka ncha imegusa kisigino, na pembeni picha imekatwa ili alama ya mwenyewe isionekane. Maelezo yanasema madaktari wa mifupa wamevithibitisha na mtoto akivaa atatembea ndani ya wiki. Bei ni 25,000 pamoja na nauli ya boti. Ukitaka kukiona kiatu chenyewe unaambiwa mzigo uko stoo, sikukuu imekaribia, zimebaki pea mbili, wahi. Ukiuliza duka liko upande gani wa Darajani, jawabu ni "ukifika nipigie". Namba ya kupokelea pesa siyo anayochatia, na jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha muamala ni la mtu mwengine kabisa. Wifi aliliuliza jina hilo, akajibiwa ni mhasibu wa duka.

Mzigo ulipofika nilikuwepo, nikakishika kiatu mwenyewe. Soli ni plastiki ngumu. Nimekikunja kwa mikono miwili, hakikunjiki. Ndani kulikuwa na stika ya "miezi 12–15". Nikaibandua kwa ukucha, na chini yake imepigwa namba 18. Kwa vipimo vya Ulaya kila namba moja ni thuluthi mbili za sentimita, kwa hivyo 18 ni kama sentimita 12 kwa ndani. Mguu wa mtoto wetu tulioupima kwenye karatasi ni sentimita 12 kamili, yaani vidole havina pa kwenda. Juu ya kiatu kuna shanga zilizobandikwa kwa gundi, na moja ilikuwa imeshabanduka, tumeikuta chini ya mfuko. Mtoto wa umri huu kila kitu anakitia mdomoni. Shanga ile ingemkaba.

Tulimvisha mguu mmoja tu. Anasimama dede vizuri siku zote akishikilia kochi, lakini kwa kiatu kile alinyanyua goti juu kama anavuka dimbwi, akakaa chini, akalia. Kukivua, kidole gumba kilikuwa chekundu.

Hapa ndipo ninapokasirika zaidi, kuliko hata hiyo 25,000. Mguu wa mtoto wa mwaka mmoja bado sehemu kubwa ni gegedu, mifupa inakuja kukomaa miaka mingi baadaye. Ni laini kiasi kwamba kiatu kinaweza kuubana na mtoto asilie, kwa hivyo kunyamaza kwake kusitutie moyo kwamba kinamfaa. Tena anapojifunza kutembea anahitaji kuisikia sakafu chini ya nyayo na kuing'ang'ania kwa vidole, jambo ambalo soli ngumu inamnyima. Ndani ya nyumba pekupeku ndiyo bora, hahitaji kiatu cha mtu yeyote. Wengi huanza kutembea baina ya miezi 9 na 18 kila mmoja kwa wakati wake, na hakuna kiatu kinachoharakisha. Anayekwambia kipo anakudanganya kabla hata hajapokea pesa yako.

Nje ni jambo jengine. Huku kwetu kuna vigae vya chupa, mawe ya matumbawe yenye ncha, mchanga unaounguza mchana, na minyoo ya safura inayoingia kwa ngozi ya mguu kwenye udongo mchafu. Kwa huko tunahitaji viatu kweli, na ndiyo maana watu wananunua kwa haraka, hasa karibu na sikukuu, kila mzazi anataka mwanawe afike kiwanja cha sikukuu cha Tibirinzi amevaa. Tapeli huyu anaijua haraka hiyo.

Basi fanyeni hivi. Kabla ya kutuma hata shilingi, mwambie muuzaji akurikodie video fupi akikikunja kiatu hichohicho atakachokuletea, pembeni pawe na karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Kisha aweke rula ndani, uone sentimita. Muuzaji mwenye mali dukani anaifanya kwa dakika mbili, na wapo wengi waaminifu Unguja na Pemba ambao hawaoni uzito. Huyu wetu alipoombwa na jirani yangu, alikuja juu, akaandika kwamba wateja wa Pemba wana maneno mengi, halafu kimya. Au mtume ndugu yako aliyeko Unguja, na nani hapa hana ndugu Unguja, akague kwa mkono wake na alipe hapohapo.

Kiatu kizuri kinakunjika pale vidole vinapokunjikia. Kinachokunjika katikati ya wayo tu hakifai, na kisichokunjika kabisa hakifai zaidi. Mbele kiwe kipana, kisiwe na kisigino cha kunyanyuka, kiwe na mkanda wa kunata ili kisichomoke, na chini kisiwe utelezi, maana nyumba nyingi sasa zina taili. Kikiwa cha plastiki tupu mguu utatoka jasho na joto letu hili na ngozi itachubuka. Mguu pimeni jioni, mtoto akiwa amesimama juu ya karatasi, kalamu iwe wima, miguu yote miwili, maana mara nyingi mmoja ni mkubwa kidogo. Ongezeni kama sentimita moja mbele ya kidole kirefu. Karatasi hiyo ikate uende nayo dukani, uitumbukize ndani ya kiatu. Baada ya kama miezi miwili pima tena. Na mtumba, angalieni kisigino: kikiwa kimelika upande mmoja, kiacheni, kimeshachukua umbo la mguu wa mtoto mwengine.

Aliyekwishatuma pesa apige simu kwa mtandao wake saa hiyohiyo aombe muamala uzuiwe, kabla mpokeaji hajazitoa. Msifute mazungumzo hata kama yanakuudhini. Namba ya tapeli itumeni kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, ndiyo ya kuripotia utapeli wa simu Tanzania nzima. Malalamiko ya mnunuzi aliyeuziwa bidhaa ya uongo yanapokewa na Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, na sheria ya kumlinda mtumiaji ipo tangu 2018. Msiwalaumu watu wa boti wala kuwagombeza pale Mkoani, wao wamepewa mfuko uliofungwa.

Wifi kiatu hakukitupa. Anacho pamoja na stika niliyoibandua, risiti ya muamala na picha za mazungumzo yote, na wiki hii tunakwenda kituo cha polisi Chake kufungua kesi. Kama na wewe umeletewa viatu vya namna hii, kiweke kiatu kama kilivyo, usimpe mtu, na unitumie picha ya stika pamoja na jina lililotokea ulipolipa, ili tuende na ushahidi wa wengi.