Mkono wa Gia Unaoyumba: Bushi Kwanza, Mkono Mfupi Baadaye

Habari zenu watazamaji. Leo mezani kuna vitu vinne vinavyouzwa kwa ahadi moja, kwamba gia zitaingia vizuri zaidi: bushi (vipete vinavyokaa kati ya sehemu za chuma) za kitako cha mkono wa gia, bushi za ncha za kebo (waya zinazopeleka mwendo wa mkono kwenye giaboksi), kirungu kizito cha kushika juu ya mkono, na mkono mfupi, yaani wa safari fupi. Wengi huanza na huo mkono mfupi. Mimi nasema uwe wa mwisho, na sababu ni hii hapa mkononi.

Hii ni bushi kuukuu ya ncha ya kebo. Tundu lake lilikuwa duara, sasa limekuwa na umbo la yai. Raba imechanika pembeni, na ukiibinya inaacha unga mweusi vidoleni. Pini ikikaa humu inacheza milimita 2 kabla haijaanza kuvuta kebo. Utasema ni kidogo. Lakini chukua mkono wenye sentimita 24 juu ya egemeo, pale unapojipindulia, na sentimita 6 chini yake: mchezo huo unazidishwa mara nne, na kiganjani unaupata kama milimita 8 za bure. Ukifunga mkono mfupi juu ya bushi kama hii, ulegevu unabaki palepale.

Kwa hiyo pima kabla ya kununua. Gari liwe mahali tambarare, injini imezimwa, breki ya mkono juu, tairi zimewekewa kigingi. Tia gia ya tatu. Mwenzako autikise mkono polepole, wewe tazama ncha ya kebo kule kwenye giaboksi. Mkono ukisogea na kule kumetulia, tatizo liko kwenye bushi za kebo. Kitako kizima kikiinuka na kushuka, ni bushi za kitako. Naongelea magari yenye kebo; yale ambayo mkono umesimama moja kwa moja juu ya giaboksi yana bushi za aina nyingine.

Kufunga si kazi ngumu. Fungua kirungu kwa kukizungusha kinyume na saa, lakini soma kitabu cha gari kwanza, maana vingine havina nyuzi na huchomolewa kwa kuvutwa juu. Ukivizungusha utavunja klipu ndani. Toa kifuniko cha ngozi na konsoli, ile plastiki inayouzunguka mkono. Kitako mara nyingi kimeshikwa na bolti nne. Badilisha bushi moja moja, kitako kisihame. Kaza kwa msalaba, kwa spana ndogo, mpaka kibomba cha chuma cha ndani kigusane na bodi; ukiendelea hapo unakata nyuzi tu.

Kwenye kebo, chomoa klipu, inua ncha itoke kwenye pini bila kuukunja waya, kisha toa raba kuukuu kwa bisibisi bapa. Bushi mpya ya poliuretani (plastiki ngumu inayonyumbuka kidogo) ipake maji ya sabuni, itateleza kuingia. Ukitaka kilainisho cha kudumu tumia grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida ya petroli huvimbisha raba nyingi na baada ya muda unarudi ulikotoka.

Sasa, poliuretani au aluminiamu? Aluminiamu haina mchezo kabisa, gia inaingia kwa mlio safi wa "tak". Lakini mtetemo wote wa giaboksi unakuja nao kiganjani, na konsoli inaweza kuanza kuvuma. Kwa gari la kila siku nachagua poliuretani bila kusita.

Kirungu kizito napenda sana. Uzito, tuseme gramu 400, ukishaanza kwenda unasaidia kuupitisha mkono pale sinkronaiza, ile sehemu inayolinganisha kasi kabla gia haijaingia, inapoleta ukinzani, kwa hiyo gia inaonekana kunyonywa ndani. Angalia nyuzi (kipenyo, kisha nafasi kati ya uzi na uzi, kwa milimita): M10x1.5, M10x1.25 na M12x1.25 zote zipo kwenye magari. Nyuzi zisizolingana huingia mizunguko miwili kisha hukaza. Simama hapo hapo, usilazimishe. Na cha chuma kikikaa juani kinaunguza.

Jambo moja tafadhali. Gia inayokwaruza haiponi kwa kitu chochote kilicho mezani hapa. Angalia klachi kama inaachia kikamilifu, halafu oili. GL-4 na GL-5 ni madaraja ya oili ya gia; giaboksi iliyoandikiwa GL-4 usiitie GL-5 tu kwa kuwa namba ni kubwa. Baadhi ya kemikali zinazoongezwa kwenye GL-5 hula sinkronaiza za shaba.

Tuje kwenye mkono mfupi. Ule mfano wetu, egemeo likihamishwa upande wa chini ukawa sentimita 8 badala ya 6 na wa juu ukabaki 24, uwiano unashuka kutoka 4 hadi 3. Safari ya mkono inapungua kwa robo, na nguvu unayotumia inaongezeka kwa theluthi. Hapo ndipo watu hudhani giaboksi imeharibika. Ukishaufunga, pitisha gia zote na rivasi injini ikiwa imezimwa, na hakikisha mkono haugongi konsoli kabla gia haijafika mwisho. Gia iliyoingia nusu huchomoka ukitoa mguu kwenye mafuta, na kila ikichomoka inasaga kingo za meno yake. Ukiona dalili hiyo, rekebisha urefu wa kebo kwanza, ndipo uwashe.