CMoy ya kuunga mwenyewe nyumbani: uzoefu wangu na ampu ya hedifoni ya betri ya 9V

Wakuu habari, kuna watu wananiuliza pembeni kama hii ampu (kikuza sauti) ya hedifoni niliyoiunga mwenyewe ina maana yoyote au ni mbwembwe tu, ngoja niseme ninavyoiona.

Kwa asiyeijua, CMoy ni mchoro wa jamaa anaitwa Chu Moy, aliutoa mwishoni mwa miaka ya 90, na watu kule Marekani wakawa wanaifungia ndani ya kopo la pipi za Altoids ndo maana picha zake nyingi unaona kopo. Ndani hamna cha kutisha: opampu (chipu ndogo ya kukuza sauti) moja ya chaneli mbili, betri ya mraba ya volti 9, resista mbili za 4.7k na kapasita mbili za 220uF za kuigawa betri katikati upate +4.5 na -4.5, potensiometa ya volyumu, jeki mbili, na resista na kapasita ndogo chache za sauti, basi.

Mi natumia Beyerdynamic DT 770 Pro ile ya ohm 250 (ohm zikiwa nyingi hivyo ni ngumu kusukuma), na simu yangu haiiwezi kabisa, unaweka volyumu mpaka mwisho bado muziki kama unatoka kwa jirani. Kwa CMoy sivuki nusu na besi imekuja yote, ngoma unazisikia zinapogongwa. Kwa hiyo kwa hedifoni ngumu kama hizi naipa tano ya tano.

Ila vifaa sasa. Resista na kapasita Kariakoo unapata bila jasho, kesi ni opampu. Mchoro mara nyingi unajengwa na OPA2134, dukani hamna, unaambiwa "chukua 5532 boss, ni ile ile tu". Pini kweli zinafanana lakini sio ile ile, na hapa nisikilizeni vizuri maana hedifoni zenu ndo zitaumia. Niliweka soketi ya pini 8 ili niweze kubadilisha, nikachomeka NE5532, nikashika mita kabla ya kuchomeka hedifoni, nikapima DC (umeme uliotulia ambao sio sauti) kwenye jeki ya kutokea nikakuta karibu milivolti 200 pande zote mbili. Sababu ni kwamba NE5532 inavuta mkondo kidogo pale inapoingilia sauti, ule mkondo ukipita kwenye resista ya 100k iliyo hapohapo unazaa kama milivolti 20 hivi, halafu ampu yenyewe inakuza mara 11, piga hesabu. DC hiyo inakaa inasukuma kiwambo cha spika upande mmoja muda wote, na ukichomeka jeki unasikia TAP! Nikaagiza OPA2134, nikaichomeka palepale bila kugusa kitu kingine, mita ikasoma milivolti 4 kushoto na 6 kulia. Hapo sawa.

Kukuza mara 11 nako ni kwingi mno kwa iafoni ndogo za ohm 16 au 32, ukigusa volyumu kidogo tu kelele na kile kishhhh cha nyuma unakisikia. Badilisha ile resista ya 1k inayopanga ukuzaji, kila chaneli ina yake, weka 2.2k, inashuka mpaka kama mara 5 na nusu. Na kusema ukweli kama una iafoni za kawaida tu usijisumbue, simu inatosha.

Potensiometa ulizia A10K, ya logi (sauti inapanda taratibu). Madukani zimejaa B, zile sauti inaruka yote mwanzoni mwa mzunguko.

Kopo la bati ni zuri, linazuia ule mlio wa tititi wa simu, ila lizibe ndani kwa seloteki nzito au karatasi ngumu. Mwili wa jeki za chuma uko kwenye gilaundi ya katikati (ile sifuri kati ya +4.5 na -4.5), sasa hasi ya betri ikigusa bati umepiga shoti nusu ya betri. Ukitaka kuweka na tundu la adapta basi tafuta la plastiki kwa sababu hiyohiyo.

Betri: opampu peke yake inakula kama miliampu 8 hata muziki ukiwa umesimama, alkalaini inakaa masaa mengi tu lakini zile za bei chee ukisahau kuzima usiku asubuhi sauti inakwaruza. Mi nimeweka taa ya LED nyekundu na resista ya 10k, haili chochote cha maana na inakukumbusha kuzima. OPA2134 za bei ya kutupa mtandaoni msinunue, feki ni nyingi sana.